Mashoto na ubunifu: niliyoyaona chuoni Tabora

Dada uliyeuliza kama mdogo wako aache ualimu akasome sanaa kwa kuwa ana mashoto na "mashoto huzaliwa wabunifu", nakusihi asibadili kozi kwa sababu ya mkono. Mimi pia nina mashoto, nimesomea ualimu chuo kikuu hapa Tabora, na utafiti wangu wa mwaka wa mwisho ulihusu jambo hilihili.

Huku kwetu ukimuuliza mwanafunzi anaandikia mkono gani, anakutajia mkono aliochaguliwa na mwalimu wa darasa la kwanza. Wengi tulichapwa vidole, na nyumbani tukaambiwa kumpa mkubwa kitu kwa kushoto ni kukosa adabu. Naandikia kulia hadi leo, ila jembe, panga na jiwe ni kushoto. Kwa hiyo nilitumia orodha ya maswali ya mwanasaikolojia Oldfield ya mwaka 1971, ya kupima mtu hutumia mkono upi, inayouliza pia kuchora, kurusha, mkasi, mswaki, hata kuwasha kiberiti. Ufagio wake ni wa mpini mrefu, anauliza mkono upi unakaa juu. Mimi nikauliza ufagio wa chelewa. Wapo waliojihesabu wa kulia miaka yote, wakifika kwenye kiberiti wanajaribu hewani na kushangaa mkono uliojitokeza.

Ubunifu niliupima kwa zoezi la mwanasaikolojia Guilford: taja matumizi mengi ya kitu cha kawaida. Yeye alitumia tofali, mimi dumu la lita 20. Majibu yalinifurahisha sana: kitalu cha mchicha, boya la kujifunzia kuogelea, mtego wa panya. Aliyetaja mzinga wa nyuki, akaeleza hadi mlango utobolewe wapi, ni wa mkono wa kulia kabisa. Baba yake ni mrina asali Sikonge. Mkono haukunionyesha mpangilio wowote. Waliojaza ukurasa ni waliokulia kwenye kazi, wakitengeneza vitu kwa vilivyopo.

Hoja kwamba mashoto hutumia upande wa kulia wa ubongo, unaodaiwa kuwa wa ubunifu, nayo ni nyepesi. Mashoto ni kama mtu 1 kati ya 10, na takriban asilimia 70 yao lugha yao hukaa upande wa kushoto wa ubongo, kama ilivyo kwa wengine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliochambua tafiti nyingi na kutoa matokeo mwaka 2025 hawakukuta mashoto wakiwazidi wenzao kwenye vipimo vya ubunifu. Kweli wamo wengi kwenye uchoraji na muziki, lakini hilo halimfanyi mdogo wako kuwa mchoraji. Je, huwa anachora bila kutumwa? Hapo ndipo pa kuanzia.

Kinachohusu mkono wake chuoni ni kiti. Vile vyenye kibao cha kuandikia huwa na kibao kulia, na kwa mtihani wa muda wa saa tatu mgongo unapinda. Aombe meza ya kawaida mapema, kabla ya wiki ya mitihani. Kwenye benchi akae mwisho wa kushoto, asigongane viwiko na jirani.