Mbona Picha Zangu Zote Zimekuwa Buluu?

Mjomba wa Kamera anajibu maswali ya wasomaji

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi ni mwalimu, naishi Dodoma. Mwaka jana mimi na mume wangu tulijifunza kuzamia kwa mtungi pale Nungwi na tukapata cheti cha mwanzo. Nilishuka na kamera yangu ndogo ya GoPro. Tuliona kasa, mkunga na samaki wa kila rangi, lakini nilipofungua picha nyumbani zote zilikuwa buluu tupu, na samaki wenyewe hawaonekani sawasawa. Desemba tunakwenda Mafia. Muuza vifaa mmoja ananishauri ninunue flashi mbili pamoja na mikono ya kuzishikia kwenye kamera, na bei inazidi mshahara wangu wa mwezi. Ninunue? – Mwalimu, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwalimu. Flashi hizo usinunue. GoPro haina njia ya kuiamuru flashi iwake pale unapobonyeza, kwa hiyo utabeba mzigo mpaka Kilindoni, Mafia, bure. Aliyekushauri hakukuuliza una kamera gani, na hilo linaniudhi, maana mshahara wa mwalimu si wa kuchezewa.

Buluu hiyo haitokani na ubovu wa kamera. Maji hula rangi, na nyekundu ndiyo hutangulia. Ukifika mita 5 sehemu kubwa imeshapotea. Ukifika mita 10 rangi ya chungwa nayo imefifia, chini zaidi njano inafuata, hatimaye unabaki na kijani na buluu. Mtu akijikwaruza kidole kwenye mita 18, damu yake huonekana kijani kilichokolea. Wengi wanadhani kinachohesabika ni kina peke yake, lakini hesabu njia nzima ya mwanga. Uko mita 10, kasa yuko mita 3 mbele yako. Jua limepita mita 10 za maji kumfikia kasa, kisha 3 nyingine kuja kwenye lenzi, jumla 13. Hizo 10 za juu huna la kuzifanya. Hizo 3 ni zako, na ndizo zilizojaa chembechembe zinazotia picha ukungu. Kila anayeniuliza anunue nini, mimi humuuliza kwanza anapiga akiwa umbali gani.

Tena macho yanadanganya. Kupitia kioo cha miwani, kitu kilicho mita 4 unakiona kama kiko mita 3. Kwa hiyo ukihisi umeshafika, bado hujafika. Kwa lenzi pana ya kamera yako, lenga kuwa ndani ya mita moja, ila usimsogelee zaidi ya sentimita 30 hivi, maana fokasi inapotea.

Kusogea karibu hakununuliwi dukani. Omba mbizi ya kwanza pale Mafia ushuke mikono mitupu, urekebishe uzito wa mkanda, ujizoeze kutulia majini bila kupanda wala kuzama. Asiyeweza kutulia hupiga mapezi ovyo, anatimua mchanga na kuvunja matumbawe. Matumbawe yale makubwa ya mviringo huongezeka kama sentimita moja kwa mwaka, mengine hata pungufu. Pezi moja likiyagonga, umeharibu kazi ya miaka mingi kwa ajili ya picha moja. Ukimwona kasa anakula, usimfukuze. Kaa pembeni, chini yake kidogo, umwache azoee mapovu yako. Mara nyingi atasogea mwenyewe.

Na jambo hili naomba ulishike kuliko yote: usizuie pumzi ili kamera itulie. Wapiga picha wengi wana tabia hiyo. Ukizuia pumzi ya mtungi kisha ukapanda hata kidogo, hewa inatanuka ndani ya mapafu na inaweza kuyapasua. Pumua taratibu, bonyeza mwisho wa kutoa pumzi.

Sasa fedha yako. Kwanza kasha la kuzamia la kamera hiyo hiyo. GoPro za miaka hii zinavumilia mita 10 zikiwa tupu, na cheti chako kinakuruhusu mpaka 18. Kasha linafika 60. Pili kichujio chekundu, kinachosaidia sana kati ya mita 5 na 20 jua likiwa juu. Tatu mkono wa kushikia wenye kamba ya kufungia kwenye jaketi lako la kuzamia. Ikibaki akiba, nunua tochi moja ya video yenye mwanga mpana. Ukiiwasha, ondoa kichujio, la sivyo kila kitu kitakuwa chekundu. Skrini ya kugusa haifanyi kazi majini, basi panga kila kitu kabla ya kuruka botini.

Ukifika Mafia waulize wenyeji habari za maji. Maji yakijaa, yanaingia Ghuba ya Chole kutoka bahari kuu kupitia mlango wa Kinasi, safi kabisa. Yakitoka huja na tope la mikokoni. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo wa pale Kinasi ni mkali, haumfai mgeni mwenye kamera mkononi. Maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, yatakufaa zaidi. Na msipande ndege kabla ya saa 18 kupita tangu mbizi ya mwisho. Ratiba ikibana, rudini bara kwa boti ya Nyamisati.

SWALI: Kaka, kila nikishuka mita chache kioo cha kasha la kamera yangu kinaingia ukungu kwa ndani. Je, linavuja? – Mpenzi wa bahari, Mombasa

JIBU: Huenda halivuji. Ulilifunga ufukweni, ukafungia ndani hewa nzito ya Mombasa. Kamera inapata joto, kioo kinapozwa na maji, mvuke unageuka ukungu. Lifunge asubuhi ukiwa chumba chenye kiyoyozi, tia vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu vilivyo vikavu, na botini liweke kivulini chini ya taulo lenye maji.

Ukiona matone yanayotembea, hapo ndipo penye kuvuja. Panda kwa mwendo wako wa kawaida, elekeza kioo chini ili maji yakae mbali na umeme, likaushe, kisha toa betri. Usijaribu kuwasha. Halafu kagua oringi, ule mpira mwembamba wa mlangoni. Itoe kwa ncha za vidole, kamwe si kwa pini wala kisu. Ipitishe taratibu kati ya vidole, utahisi unywele au punje ya mchanga hata kama jicho halijaiona. Grisi ya silikoni ipake kiasi cha mpira kung'aa tu. Grisi haizibi maji, kinachoziba ni mpira wenyewe ukiwa safi, na grisi nyingi hukamata uchafu. Kabla ya safari, shusha kasha tupu bila kamera. Baada ya mbizi, liloweke kwenye maji baridi yasiyo na chumvi kabla chumvi haijakauka, huku ukibonyeza kila kitufe.

SWALI: Assalaam alaykum. Naja Mafia Januari kuwaona papa potwe. Naruhusiwa kutumia flashi? – Msomaji, Muscat

JIBU: Waalaykum salaam. Iache hotelini. Inamsumbua mnyama, na maji anamokula papa potwe yamejaa viumbe vidogo vitakavyong'aa kama theluji kwenye picha yako. Hata mtungi huhitaji, maana anakula juujuu. Miwani na mrija vinatosha. Kanuni inayofuatwa sehemu nyingi ni mita 3 kutoka mwilini na 4 kutoka mkiani, bila kumgusa.

Ukipata nafasi, mpige ubavu wa kushoto, pale nyuma ya matamvua. Madoadoa ya sehemu hiyo hayafanani kwa papa wawili. Watafiti huyalinganisha kwa programu iliyotokana na hesabu za wataalamu wa nyota, na hifadhidata ya Sharkbook hupokea picha za mtu yeyote. Andika tarehe na mahali, upeleke. Huenda ukaambiwa papa wako alishaonekana na nani, na lini.