Mama mkwe anataka nisujudu siku ya Chuseok

Shangazi, niliolewa mwaka jana na kijana wa Kikorea, nasi tunaishi mjini Daegu, Korea Kusini. Mama mkwe ameniagiza nifike kwake siku moja kabla ya Chuseok, sikukuu yao ya mavuno, nisaidie kupika, na kesho yake asubuhi nisujudu na wenzangu mbele ya meza ya wahenga. Mimi ni Mlutheri na nafsi yangu inakataa. Mume wangu ananiambia niiname tu, yaishe. Je, nisingizie ugonjwa?
Mke wa Ugenini

Mwanangu,

Usisingizie ugonjwa. Chuseok, ambayo huangukia siku ya 15 ya mwezi wa nane kwa kalenda ya mwezi, ndiyo sikukuu inayowarudisha Wakorea kwa wazazi wao, na mke wa kijana asipoonekana, ukoo mzima huuliza aliko. Mwaka ujao utahitaji uongo mwingine.

Ibada unayoihofia, charye, huandaliwa kwa mavuno mapya, matunda na pombe ili kuwashukuru waliotangulia. Familia nyingi za Kiprotestanti nchini Korea hazisujudu, bali huimba tenzi na kusali kwa kuwakumbuka marehemu wao, kwa hiyo mama mkwe hatakuwa akisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza. Kinachonisikitisha ni jibu la mumeo. Yeye ndiye anayepaswa kumweleza mama yake, kwa lugha yao na mapema, kwamba mkewe atasimama kando kwa adabu wakati wengine wakisujudu. Ukiyasema wewe asubuhi ile mbele ya wajomba na mashangazi, utamfedhehesha. Akiyasikia kwa mwanawe wiki mbili kabla, atapata nafasi ya kununa, kutafakari na kupoa.

Heshima unayoizuia mezani, itoe jikoni bila kipimo. Kaa naye mtengeneze songpyeon, vitafunio vya mchele vya sikukuu hiyo: unga wa mchele hukandwa kwa maji ya moto, ukamega kidonge, ukakitoboa kwa dole gumba, ukatia ufuta uliosagwa na sukari, kisha ukakifunga mfano wa nusu mwezi na kukipika kwa mvuke juu ya majani ya msonobari. Vya kwako vitapasuka mwanzoni. Mwombe akuelekeze, kwa maana mama anayemfundisha mkwewe kazi ya mikono humzoea upesi.

Mumeo naye asikae sebuleni na baba yake huku nyinyi mkikaanga vyakula tangu asubuhi. Sungkyunkwan, taasisi ya Korea inayofuata mafundisho ya mwanafalsafa Konfusio na inayosikilizwa sana katika mambo ya mila, ilitangaza mwaka 2022 kwamba meza ya charye haihitaji vyakula vya kukaanga. Tangazo hilo mumeo ndiye alipeleke kwa mama yake, wala lisitoke kwako.

Wakienda makaburini, fuatana nao, ung'oe magugu na kuuliza habari za babu aliyelala hapo. Sioni kwamba imani yako inakuzuia kufanya hivyo. Zungumza na mumeo wiki hii, kabla hamjakata tiketi za treni.