Mwache atoke, ila ziwani asiende peke yake

Dada, umesema mwanao wa miaka 9 anashinda ndani na simu, wakati wewe ulikua ukizurura mtaani Kirumba, Mwanza, hadi magharibi. Nakuelewa kabisa. Anza na mlimani: apande mawe na wenzake wawili watatu, wakawatazame pimbi wakiota jua, arudi kabla ya adhana. Waambie majirani, enzi zetu kila mama mtaani alikuwa mlinzi wetu, na hilo tunalisahau.

Ninachokiogopa hasa ni maji. Mtoto huzama kimyakimya, na Ziwa Victoria lina kichocho, ugonjwa wa minyoo inayoingia kupitia ngozi ukiwa majini. Asiogelee bila mtu mzima anayejua kuogelea. Ukiona damu kwenye choo au mkojo wake, mpeleke kituo cha afya apimwe. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, inatibu.

Barabara ya bodaboda mvushe mwenyewe mpaka aizoee.