Kusimama karibu na jukwaa au kukaa viti vya juu?

Umeuliza kama inafaa kulipa zaidi ili usimame karibu na jukwaa katika ziara ya viwanjani ya BTS, kundi la muziki la Korea Kusini, ilhali wewe si mrefu. Ningekushauri uchague viti vya juu, vya ubavuni. Aliyesimama chini mara nyingi huambulia visogo na simu zilizoinuliwa, lakini aliye juu huona mpangilio mzima wa dansi pamoja na, jambo ninalolithamini kuliko sura za waimbaji, taa za mkononi za mashabiki, ambazo huunganishwa kwa programu ya simu kulingana na namba ya kiti ili zibadilike rangi kwa pamoja.

Ukiwa mbali sana, katika uwanja mkubwa kama Wembley wa London, walikotumbuiza Juni 2019, usishangae midomo ya waimbaji kwenye skrini ikitangulia sauti, kwa sababu sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo huchukua karibu theluthi ya sekunde kufika mita 100. Kabla ya kulipa, hakikisha tu kwamba kiti hakiko nyuma ya mnara wa spika.