Je, Misa na Zaka Havitoshi?

SWALI

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni muuguzi mkoani Morogoro, na kwa kuwa kazi yangu ni ya zamu, mara nyingi Jumamosi alfajiri jumuiya yetu ndogo ndogo ya Kikristo, yaani waamini majirani tunaosali pamoja majumbani, inaposali, mimi ndiyo kwanza natoka kazini. Misa ya Jumapili naihudhuria kila ninapopata nafasi, zaka natoa, na mchango wowote wa parokia haunipiti. Hata hivyo, mwenyekiti wa jumuiya alinitamkia mbele ya wenzangu kwamba mimi ni Mkristo wa Jumapili tu, na kwamba nisije nikalalamika siku nitakapohitaji barua ya jumuiya ya kunitambulisha parokiani. Sina sauti ya kuimba kwaya, wala sina ufasaha wa kufafanua Neno. Je, natenda dhambi? Na mtu kama mimi atumike wapi?

Muuguzi, Morogoro

JIBU

Milele amina, dada. Uwe na amani kwanza: anayekesha na wagonjwa usiku kucha hajaikimbia jumuiya, na maneno uliyoambiwa mbele ya watu yalipaswa kusemwa faraghani, tena kwa upole. Lakini sitakuficha kwamba zaka na Misa peke yake havitoshi. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya utume wa walei, yaani waamini wasio mapadre wala watawa, iliyotolewa tarehe 18 Novemba 1965, inafundisha kwamba wito wa Kikristo kwa asili yake ni wito wa utume pia, na kwamba walei hukabidhiwa utume huo na Bwana mwenyewe kwa ubatizo na kipaimara. Basi hukuupokea kutoka kwa mwenyekiti, wala yeye hawezi kukuvua. Na wewe nawe huwezi kuulipia zaka ili wengine waufanye kwa niaba yako.

Maaskofu wa Afrika Mashariki walioungana katika AMECEA, walipoamua mwaka 1973 na kusisitiza tena mwaka 1976 kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, walitaka waamini wafahamiane kwa majina, wasome Neno pamoja katika nyumba zao na kubebeana mizigo. Inasikitisha kwamba ziko jumuiya ambazo Injili husomwa haraka haraka, kisha muda wote uliobaki ukaliwa na orodha ya michango na majina ya wasiolipa. Mahali kama hapo mtu asiyeimba wala kuhubiri huona hana kazi isipokuwa kutoa fedha, na nadhani ndivyo ilivyokutokea wewe.

Soma sura ya 6 ya Matendo ya Mitume. Wajane walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, na Mitume hawakulichukulia jambo hilo kuwa dogo: walichaguliwa watu saba wenye sifa njema, wakaombewa na kuwekewa mikono kwa ajili ya huduma ya mezani. Katika jumuiya yako pia bila shaka yupo mzee mwenye kisukari asiyeelewa dawa zake, au mama aliyelala kitandani ambaye bintiye hajafundishwa namna ya kumgeuza asipate vidonda. Wewe unayajua hayo kuliko wanajumuiya wote. Muda wa saa moja tu, mchana wa siku yako ya mapumziko, pamoja na sala fupi kando ya kitanda, ni utumishi kamili. Na kwa kuwa Yakobo katika waraka wake anaagiza mgonjwa awaite wazee wa Kanisa wamwombee na kumpaka mafuta, uwe wewe wa kumwarifu katekista au paroko mapema, kwa ridhaa ya mgonjwa, asije padre akaitwa wakati mgonjwa hasikii tena. Ila siri ulizozipata hospitalini zibaki hospitalini. Jumuiya isizijue hata kwa kisingizio cha kuombeana.

Kuhusu ufasaha, mkumbuke Mwenyeheri Isidore Bakanja wa Kongo, kijana kibarua aliyebatizwa mwaka 1906. Hakuwa padre wala mtawa, lakini aliwafundisha wenzake kazini kusali na hakukubali kuvua skapulari yake, kitambaa kivaliwacho shingoni kwa heshima ya Bikira Maria. Kwa ajili hiyo alichapwa viboko vikali na msimamizi wa kampuni aliyoitumikia, akafariki kwa majeraha hayo tarehe 15 Agosti 1909 akiwa amemsamehe aliyemtesa.

Sasa nenda kwa mwenyekiti nyumbani kwake, si mbele ya watu. Mpelekee ratiba ya zamu zako kila mwezi inapotoka, mwoneshe Jumamosi utakazokuwa huru, mwombe mojawapo jumuiya isalie kwako, kisha mweleze huduma unayoweza kuifanya kwa wagonjwa ili aipange pamoja na viongozi wenzake. Kama baada ya hapo suala la barua litaendelea kutumiwa kukutisha, mwone paroko wako umweleze yote, pamoja na hizo zamu za usiku.