Ratiba ya kulisha na kutunza sungura nyumbani wakati wa kiangazi cha Dodoma

Ndugu yangu wa Nzuguni ameeleza kwamba sungura wake walinawiri kipindi chote cha mvua wakila majani mabichi ya kukata mashambani, lakini tangu kiangazi kikaze, wadogo wanaharisha na kufa muda mfupi baada ya kutengwa na mama zao, na wakubwa wanashinda wamelala wakihema, huku maji ya mtaani kwake yakiwa ya mgao. Ameuliza mambo mawili: awape dawa gani, na kama anaweza kupandisha majike mwezi huu wa Oktoba. Nami nafuga hapa hapa Dodoma, katika banda la mabati nyuma ya nyumba, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu, nikianza na lile nisilotaka lipotee katikati ya maelezo: tatizo hili haliponi kwa dawa peke yake, linapona kwa ratiba. Sungura wa mkoa wetu anahitaji nyasi kavu mwaka mzima bila kukosa, maji safi usiku na mchana, na saa za kula zisizobadilikabadilika.

Sababu iko tumboni mwake. Sungura hawezi kutapika, na nyuzinyuzi anazokula husagwa nyuma ya utumbo mwembamba, kwenye mfuko mkubwa wenye bakteria wanaozichachusha. Sehemu ya kinachochachushwa humo hutoka ikiwa kinyesi laini, chenye utelezi, kilichoshikana kama kichala kidogo cha zabibu, na sungura hukila moja kwa moja kutoka sehemu kinakotokea akiwa ametulia. Ndiyo maana wafugaji wengi hawajawahi kukiona. Humo anapata protini na vitamini za kundi B ambazo bila hivyo angezipoteza. Ukikikuta kimetapakaa sakafuni asubuhi bila kuliwa, mara nyingi maana yake ni kwamba pumba zimezidi au nyasi zimepungua. Bakteria hao wamezoea kile wanacholetewa kila siku. Ukibadilisha ghafla kutoka majani mabichi kwenda pumba, wengine hufa, wabaya huzaliana, tumbo hujaa gesi, na mnyama anaweza kufa kabla hujajua anaumwa nini. Mabadiliko yoyote ya chakula yachukue siku 7 hadi 10, ukipunguza cha zamani kidogo kidogo na kuongeza kipya kwa kiasi hicho hicho.

Kazi bandani naianza saa 12 asubuhi, kabla jua halijapanda, na sigusi chakula kwanza. Napita kizimba hadi kizimba nikitazama. Sungura mzima humfuata mlishaji kwa macho na pua. Aliyejikunyata pembeni huku akisaga meno kwa sauti ana maumivu, na huyo hushughulikiwa kabla ya wengine. Kisha nainama kuangalia kinyesi. Punje za duara, kavu, zinazolingana ukubwa, ambazo ukizivunja kwa vidole unaona vipande vya nyasi ndani yake, zinaonyesha kwamba tumbo linafanya kazi. Punje zilizokuwa ndogo ghafla, au zilizounganishwa na nywele kama shanga, zinaonyesha kwamba nyasi hazitoshi. Kuhusu mkojo, mfugaji mpya asishtuke kuuona mzito na mweupe, au mwekundu wa kahawia. Weupe ni kalsiamu inayotolewa na mwili, na wekundu mara nyingi ni rangi ya majani aliyokula.

Baada ya hapo huja maji. Sungura wa kilo 3 hunywa takribani robo lita kwa siku, na katika joto hili huzidisha, wakati jike anayenyonyesha watoto wengi anaweza kumaliza lita nzima au zaidi. Natumia chupa zenye ncha ya chuma na gololi, na kila asubuhi naibonyeza gololi kwa kidole mpaka nione tone limetoka, kwa sababu maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvichumvi inayoganda na kuziba. Chupa iliyojaa lakini imeziba ni hatari kuliko chupa tupu, maana mfugaji huipita akidhani mambo ni sawa. Ncha zikilowekwa kwenye maji yenye siki usiku mmoja, ugumu huo hulainika. Wenye mgao wa maji mtaani waweke akiba kwenye ndoo yenye mfuniko na wasiitumie kwa kazi nyingine, kwa sababu sungura aliyekosa maji huacha kula, na tumbo lililosimama ni vigumu kuliamsha.

Asubuhi natoa chakula cha kuchanganya, kiasi kidogo tu. Kwa kilo 10 naweka pumba za mahindi kilo 6, mashudu ya alizeti kilo 3, majani makavu ya mlonge yaliyopondwa kilo 1, na chumvi gramu 50. Sungura mkubwa asiye na mimba wala asiyenyonyesha hutosheka na gramu 100 hivi kwa siku, ambazo mimi nazigawa asubuhi na jioni; anayenyonyesha naye nampa mara mbili yake au zaidi. Pumba zinanyunyiziwa maji kidogo ili vumbi lisiingie puani, lakini zilizobaki baada ya saa mbili au tatu zinatolewa na chombo kinapanguswa, kwani kwa joto letu huchacha upesi. Naomba hapa nisisitize jambo moja. Pumba au mashudu yenye harufu ya uvundo, yaliyogandamana au yenye ukungu, yasitumike hata kama yameuzwa kwa bei ya kutupa. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, na kile kinachoua mtu mzima hakiwezi kumwacha salama mnyama wa kilo 3. Ladha haikusaidii kuitambua, na kupika hakuiondoi.

Mchana hauna kulisha. Sungura hatoi jasho, joto hulipunguza kwa masikio na kwa kuhema, na likipita nyuzi 30 anaanza kuelemewa. Banda ambalo urefu wake unatoka mashariki kwenda magharibi halipigwi sana na jua la asubuhi na la jioni. Juu ya mabati natandaza nyasi au makuti, na pembeni nazungushia magunia ambayo huloweshwa saa 7 na tena saa 9, hasa upande wa mashariki unakotoka upepo wetu wa kiangazi, ili upepo huo upoe kabla haujaingia ndani na uache vumbi lake kwenye gunia. Usizibe pande zote. Harufu kali ya mkojo ikikosa pa kutokea huumiza mapafu na kuleta mafua yasiyoisha. Chupa ya plastiki iliyogandishwa maji na kuwekwa ndani ya kizimba husaidia sana, na utawakuta wameilalia. Anayehema mdomo wazi, pua imelowa, mpeleke kivulini na umpanguse masikio kwa maji ya kawaida. Usimzamishe kwenye maji ya barafu.

Mlo mkubwa ni wa jioni, kati ya saa 11 na saa 12. Kwa asili sungura hula zaidi machweo, usiku na alfajiri, kwa hiyo anayejaza chombo saa 4 asubuhi na kukiacha kitupu usiku anawalaza wanyama wake na njaa katika saa zile zile walizoumbwa kula. Natoa kwanza nusu ya mchanganyiko iliyobaki, halafu majani mabichi kama yapo, na mwisho nyasi kavu kwa wingi kiasi kwamba alfajiri lazima zibaki. Nyasi hizo huwekwa kwenye kihori cha waya ukutani, si sakafuni, maana zikikojolewa hazifai tena. Zinamlinda tumbo na zinamnoa meno, ambayo hayaachi kukua maisha yake yote.

Swali linalofuata ni nyasi zinatoka wapi mwezi wa Oktoba, na jibu ni kwamba zinatoka mwezi wa Aprili. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na nyasi zikiachwa zijikaukie zenyewe porini hubaki mabua yasiyo na lishe. Zikatwe zinapoanza kutoa maua, zianikwe siku mbili au tatu huku zikigeuzwa, zihifadhiwe zikiwa bado na rangi ya kijani, juu ya fito na chini ya paa. Majani ya karanga na ya kunde baada ya kuvuna nayo yakaushwe hivyo hivyo, mradi hayana ukungu. Aliyechelewa kama ndugu yetu anaweza kununua marobota ya hei. Kongwa ni eneo la ranchi na utafiti wa malisho tangu zamani, na hei ya kule hufika mjini. Kwa sungura wachache, robota moja hudumu kuliko mtu anavyodhani.

Kwa majani mabichi, mkoa wetu una neema mojawapo isiyozungumzwa vya kutosha, nayo ni mizabibu. Majani na vijiti vya mzabibu vinaliwa vizuri na vijiti hutafunwa mpaka gome linaisha, lakini muulize mwenye shamba amepulizia dawa lini, maana mizabibu hupuliziwa mara nyingi dhidi ya ukungu, na asiyekumbuka usichukue kwake. Matembele, mchunga na mlonge ni salama. Lukina, ule mti wa malisho, itolewe kwa uchache kwa sababu ikizidi hunyonyoa manyoya. Yasitolewe kabisa majani ya nyanya, ya viazi mviringo, ya mparachichi, ya muhogo mabichi, wala mnyaa tunaopandia uzio, ambao utomvu wake ni sumu. Na kwa kuwa hapa ni nchi ya mtama, niongeze kwamba mtama mchanga, pamoja na machipukizi yanayoota kwenye mashina baada ya kuvuna, hasa yaliyodumazwa na jua, yana sumu ya sayanidi. Yasiguswe hata kama ndiyo kijani pekee kilichobaki shambani. Majani yoyote yenye umande nayaacha yanyauke kivulini kwanza.

Sasa vifo vya wadogo. Jike hunyonyesha mara moja tu kwa siku, kwa dakika chache, kwa hiyo usimhukumu kuwa amewatelekeza watoto kwa kuwa humwoni kiotani. Mnyanyue mtoto mmoja mmoja asubuhi: aliyenyonya ana tumbo la duara na ngozi iliyotanuka, aliyekosa ana mikunjo na ni wa baridi. Macho hufunguka siku ya 10 hadi 12, na kufikia wiki ya tatu wanatoka kiotani na kuanza kuonja nyasi. Hapo ndipo nyasi kavu laini ziwepo chini ya pua zao, ili bakteria wa tumboni wajengeke wakati maziwa bado yapo. Wengi huwatenga wakiwa na wiki 4, siku hiyo hiyo wakahamishiwa kizimba kipya na kupewa pumba tele; mabadiliko matatu kwa mpigo, na kuharisha hufuata. Mimi nasubiri wiki 6 hadi 7, na ninayemwondoa ni mama, si watoto, ili wabaki mahali wanapopajua, wakila kile kile walichokuwa wakila naye.

Kuharisha kwa umri huo kunaweza pia kuwa koksidiosisi, ugonjwa wa vimelea vya tumboni, ambao huenezwa na kinyesi kwenye chakula na sakafu yenye unyevu. Sakafu ifagiliwe kila siku, mbao zikaushwe juani kila wiki, na kinyesi kiende bustanini. Mgonjwa atengwe, apewe nyasi kavu na maji tu, na afisa mifugo wa kata aonyeshwe kinyesi chake kabla ya kununua chochote. Amproliamu na dawa za salfa zipo, lakini kipimo kwa sungura apange yeye, kwani maelekezo ya pakiti nyingi ni ya kuku. Katika usafi wa wiki tazama pia ndani ya masikio: magamba ya kahawia ni utitiri, na kwa huo na ukurutu sindano ya ivermektini hufanya kazi vizuri ikipigwa na mtaalamu.

Mwisho, kuhusu kupandisha Oktoba, ningekushauri usubiri. Mimba ni siku 31 hivi, kwa hiyo jike wa leo atazaa Novemba, kwenye joto kali, bila jani bichi, na maziwa yake yatategemea maji ambayo unasema yana mgao. Zaidi ya hayo, dume aliyekaa kwenye joto la kuzidi nyuzi 30 kwa siku kadhaa hupungukiwa mbegu, na huchukua takribani miezi miwili kurudi katika hali yake. Tumia muda huu kumtafutia dume kizimba chenye ubaridi kuliko vyote bandani. Mvua za Desemba zikishika, mpeleke jike kwenye kizimba cha dume, si dume kwa jike, saa 12 asubuhi. Baada ya siku 12 hadi 14 afisa mifugo akufundishe kumpapasa tumbo, na ambaye hajashika umrudishe bila kumlaumu, kwa sababu huenda ni dume ambaye bado hajapona joto la Novemba. Sanduku la kuzalia liingie siku ya 28, na watoto wa Januari watakapotoka kiotani watakuta majani yameshaota.