Unaalikwa Takao? Uliza Kwanza Nani Atakungoja

Juzi usiku nimepata ujumbe wa binti aliyekuja kusoma Tokyo: "Dada, shikamoo. Wenzangu wa hosteli wananialika kupanda mlima Takao. Sijawahi kupanda mlima, naogopa nitawachelewesha. Niende au nibaki?" Umenikuta nakwangua matope kwenye viatu, kwani nilikuwa nimetoka hukohuko Takao, na safari hii kiongozi wa msafara alikuwa mimi. Marahaba, mdogo wangu. Nenda. Ila kaa kwanza nikusimulie.

Kwa asiyeujua, Takao si Kilimanjaro. Una mita 599 tu, uko upande wa magharibi wa Tokyo, umefunikwa na msitu kuanzia chini hadi karibu na kilele. Treni ya Keio kutoka kituo cha Shinjuku, mjini Tokyo, inakushusha chini ya mlima kwa muda usiozidi saa moja hivi, na nauli haifiki yeni 500. Ndiyo maana kila mgeni hupelekwa huko, na kila anayekualika atakwambia ni matembezi tu.

Mara ya kwanza nilikwenda na watu niliowaita marafiki. Ughaibuni anayekugongea mlango Jumapili ndiye ndugu yako, kwa hiyo nilifua, nikapika vya kubeba, nikafurahi kama mtoto wa sikukuu. Tulishika njia namba 1, ile iliyosakafiwa, inayopita kwenye mwerezi mkubwa uitwao Tako-sugi, yaani mwerezi wa pweza. Mizizi yake imejikunja kando ya njia, na husimuliwa kwamba mti uliikunja wenyewe ili kuwapisha watengeneza barabara. Mbele yake njia inagawanyika. Huku kuna ngazi 108 za "mteremko wa wanaume", huku kuna njia ya taratibu ya "mteremko wa wanawake", na zote hukutana juu, kabla ya kufika hekaluni. Wenzangu wakachagua ngazi huku wakicheka, mimi nikashika ile nyingine.

Nilipofika zinapokutana sikumkuta mtu. Nikangoja. Nikapiga simu, haikupokelewa. Kilichokuja ni picha kwenye kundi la WhatsApp: wao kileleni, mlima Fuji nyuma yao, na mmoja kaandika, "Mzigo tumeuacha hekaluni." Vikatuni vya kucheka vikamiminika mpaka nikazima simu. Yaani Fuji ya Takao nimeiona mara ya kwanza kwenye picha ya watu walionitelekeza. Wawili kati yao siku hizi hunisalimia kwa bashasha. Naitikia vizuri tu, lakini mlimani siendi nao.

Sasa safari hii. Nilikuwa na Mkongo, Mkenya na dada mmoja Mfilipino, wote wageni wa mji. Nikawaambia sheria yangu: anayetembea polepole kuliko wote ndiye anayetangulia, na hakuna kumpita. Tulichukua njia namba 6, ya kilomita 3.3, inayofuata kijito msituni. Makadirio ya kawaida ni dakika 90. Sisi tulitumia karibu mara mbili yake na hakuna aliyekufa. Karibu na juu, njia na kijito vinakuwa kitu kimoja, unakanyaga jiwe baada ya jiwe maji yakipita chini ya soli. Mkenya wetu alikuja na raba nyeupe za kutokea. Akasimama kwenye jiwe la kwanza, akazivua, akazitazama, akazivaa tena, akasema liwalo na liwe.

Bibi mmoja wa Kijapani akatupita na fimbo zake mbili, kengele ya kushtua dubu ikilia mkobani, akatuambia "konnichiwa" bila hata kuhema. Mjini mnaweza kuishi mlango kwa mlango msisalimiane, lakini mlimani kila mnayepishana naye anakusalimia. Itikia, usijifanye bize.

Kileleni tulikula soba yenye tororo, yaani tambi zilizowekewa kiazi kikuu kilichokunwa hadi kikateleza kama mlenda. Mkongo alinung'unika akiitazama, kisha akamaliza bakuli la mwenzake. Fuji ilikuwa imejificha mawinguni. Sikujali hata kidogo.

Nyie mnaojifanya wakimbiaji, nisikilizeni. Hakuna anayelipwa kwa kuwahi kileleni. Ukimwalika mtu asiye na ndugu katika nchi hii, umejitwika dhamana yake mpaka arudi kwake. Mngoje. Ukiona huwezi, usimwalike. Nenda peke yako, ukimbie utakavyo. Narudia: mngoje, tena mngoje bila kumsonya.

Nawe mdogo wangu, waulize wenzako mapema nani atatembea nawe. Wakianza kutazamana, umepata jibu. Usione haya kupanda reli ya kebo, yaani behewa linalovutwa kwa kamba ya chuma, inayofika katikati ya mlima; ipo tangu 1927, na mwinuko wake unafika nyuzi 31, mkali kuliko reli zote za aina hiyo Japani. Vaa viatu vyenye soli ya kung'ata. Beba pesa taslimu na mfuko wa taka zako, maana huko juu hutakuta pipa. Novemba majani yakiwa mekundu, nenda siku ya kazi, kwani wikendi ni foleni mtindo mmoja, na siku za msongamano njia namba 6 hufanywa ya kupanda tu. Mwisho wa mwezi huo jua huzama saa kumi na nusu jioni, na chini ya mierezi giza huanza kabla ya hapo, kwa hiyo saa nane mchana muwe mmeshaanza kushuka.

Mkishuka na nguvu kidogo, kando ya kituo cha treni kuna bafu la maji ya moto lililofunguliwa 2015. Jisugue kwanza ndipo uingie kwenye dimbwi, na kama una tatuu ulizia mlangoni kabla hujalipa, maana mabafu mengi Japani hayapokei wenye tatuu.